Mahitaji ya kisaikolojia na kijamii ya mgonjwa wa saratani: ni yapi hasa?

Ni yale yote ambayo sindano, upasuaji na mionzi haviwezi kumpa mgonjwa: kuelezwa ugonjwa wake kwa lugha anayoielewa, kusikilizwa hofu yake, kupata nauli na mahali pa kulala, kulindiwa heshima yake, na kuwa na mtu wa kushauriana naye mambo yakiwa magumu. Wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, huyahesabu kuwa sehemu ya matibabu yenyewe. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na imani. Mtu aweza kupewa morfini ya kutosha na bado asilale, kwa sababu kinachomkosesha usingizi ni ada za skuli za watoto.

Kwa mtu wa Lamu, upande wa jamii huanza gatini. Anavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa kwenye matibabu. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo, kwa hiyo hawezi kwenda na kurudi. Atafikia kwa nani? Nani atampikia, na duka lake litafunguliwa na nani? Mgonjwa anayekatiza matibabu mara nyingi huambiwa kuwa ameogopa au amerudi kwa mganga. Wakati mwingine ni nauli tu iliyokwisha, na amemwonea haya shemeji yake aliyemweka nyumbani mwezi mzima.

Upande wa nafsi ni mgumu zaidi kuuona, hasa kwetu ambako mgonjwa husifiwa kwa subira. Nyumba hujaa wageni, kila mmoja na pole yake na dua yake: Mungu atakupa shifaa, mamangu, wewe shukuru tu. Dua ni nguvu kubwa na wagonjwa wengi huishika kwa mikono miwili. Lakini mama akishaitikia amina mara ishirini, ni nani atakayemuuliza, "Na wewe mwenyewe, mama, wajionaje?" kisha akanyamaza asubiri jibu?

Kimya kinazidi pale jamaa wanapomficha jina la ugonjwa. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, wakihofia atakata tamaa. Mara nyingi yeye keshajua, maana nywele zinamtoka na simu zinapokelewa nje. Sasa kila upande unaigiza kwa mwenzake, na mgonjwa anakosa nafasi ya kuuliza dawa inafanya nini, kusema anachokiogopa, au kuusia. Naamini njia nzuri ni kumuuliza kwanza angependa kujua kiasi gani, na kumwambia kiasi hicho. Watoto nao waelezwe kwa maneno mepesi, kwa sababu mtoto asiyeelezwa anaweza kudhani ni yeye aliyemletea mama ugonjwa.

Yapo mahitaji ambayo hayatajwi kwa sababu ya aibu. Saratani ya mlango wa kizazi ikishakuwa kubwa huweza kutoa majimaji yenye harufu. Mwanamke huacha kwenda harusini, huhamia kulala chumba cha nyuma, hukaa karibu na mlango ili upepo umpitie. Nyumbani watasema amebadilika, ana kiburi. Harufu hiyo ina dawa za kuipunguza, metronidazole ikiwa mojawapo, lakini hatapewa asipoulizwa, na atafunguka kwa urahisi zaidi akiulizwa na muuguzi wa kike faraghani. Aliyewekewa mfuko wa choo tumboni naye ana swali la udhu na sala, na anayeweza kumjibu akatulia ni shekhe anayeijua hali hiyo.

Ili wasikisie, baadhi ya vituo vya saratani humwomba mgonjwa ataje kwa namba, 0 hadi 10, amesumbuka kiasi gani wiki iliyopita. Akitaja 4 au zaidi, huulizwa chanzo: ni fedha, familia, huzuni, imani au mwili? Kila chanzo kina mtu wake: ofisa wa ustawi wa jamii, mshauri nasaha, shekhe au padri, daktari. Huzuni inayokaa zaidi ya wiki mbili, mtu asifurahie hata wajukuu, huenda ni sonona, nayo hutibiwa. Akisema afadhali afe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwuguzaji pia ana mahitaji yake. Mara nyingi ni binti mmoja: ndiye anayeamka usiku, anayefua mashuka, anayesimama foleni ya vipimo, na wageni wakija ndiye anayewaandalia chai. Ndugu zake wakigawana zamu za usiku na wageni wakaja na chakula kilichopikwa, atapata walau siku mbili kwa wiki za kulala hadi asubuhi.