Mchezaji Wangu Aliingia Tano Bora, Mkeka Ukachanika

Kila Kenya Open, lile shindano la gofu la Nairobi, ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, gofu nani anabeba?" Wanaouliza ni watu wa mpira. Wamezoea matokeo matatu, nyumbani, sare, ugenini, na wanadhani gofu ni hivyo hivyo ila tu wachezaji wamevaa kofia. Nawajibu hapa wote kwa pamoja. Nimeona watu ninaowapenda wakipoteza hela bila kukosea mchezaji: walichokosea ni kutosoma masharti.

Nimeijua gofu kutoka chini. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa kedi Arusha, nabeba fimbo za wazee na kuwaambia grini, zile nyasi fupi za kuzunguka shimo, inateremka upande gani. Baadaye nikasoma takwimu, kisha nikakaa miaka 6 kwenye meza ya kupanga odi za kampuni moja ya kubashiri. Odi, kwa asiyejua, ni ile namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili, na pia nimeliwa kama mtu mwingine yeyote.

Nianze na siku niliyoliwa. Nilikuwa kijana, bado sijaajiriwa kwenye odi. Niliweka shilingi 20,000 kwamba mchezaji fulani wa Afrika Kusini atamaliza katika tano bora, odi 5.00. Jumapili jioni msimamo ukatoka: nafasi ya tano. Nikapiga hesabu ya 100,000, nikamwambia mama kesho tunakula samaki. Asubuhi nikafungua akaunti, nikakuta 14,286. Niliwapigia simu kwa hasira. Dada aliyepokea akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisome kanuni za gofu, kifungu cha wachezaji kufungana.

Alikuwa sahihi. Mchezaji wangu hakuwa peke yake kwenye nafasi ya tano. Walifungana 7. Nafasi iliyobaki katika tano bora ilikuwa 1, watu 7, basi dau linagawanywa kwa 7. Shilingi 20,000 gawanya kwa 7 ni 2,857, na hiyo ndiyo inayozidishwa na 5.00. Mchezaji aliingia tano bora kweli, na mimi nikapoteza shilingi 5,714.

Hii kanuni ya kugawana nafasi ndiyo kitu cha kwanza ninachomfundisha mtu, kabla hata ya kumweleza fimbo ni nini. Kwenye mpira haikugusi, kwa sababu sare ina odi yake. Kwenye gofu inakugusa karibu kila wiki, maana baada ya siku 4 na mashimo 72 wachezaji husongamana: anayeshinda ni mwenye mikwaju, yaani mipigo, michache kuliko wote, na mikwaju 2 tu inaweza kutenganisha wa nne na wa kumi na tano. Chukua mfano mwingine. Wanne wamefungana kuanzia nafasi ya nne, yaani wanachukua nafasi ya 4, 5, 6 na 7. Katika tano bora zimebaki nafasi 2 kwa watu 4, hivyo nusu ya dau lako inalipwa kwa odi kamili na nusu nyingine imekwenda. Dau la 10,000 kwa odi 6.00 linakupa 30,000, si 60,000. Wakifungana 6 kwenye nafasi ya tano, unarudishiwa 10,000 yako ileile.

Zipo kampuni zinazolipa kamili hata wachezaji wakifungana. Ni ofa nzuri, ila odi yao huwa ya chini kidogo, kwa hiyo usilinganishe namba peke yake. Odi 5.00 yenye kugawana na odi 4.20 inayolipa kamili ni bidhaa mbili tofauti, na mara nyingi mimi huichukua hiyo ya 4.20.

Kwa mshindi wa jumla tatizo hili halipo. Wawili wakilingana kileleni wanacheza mashimo ya ziada hadi mmoja apatikane, na beti hulipwa kwa huyo. Ndivyo Mkenya Jacob Okello alivyolikosa taji la Kenya Open mwaka 1998: alishindwa na Ricardo González wa Argentina kwenye mashimo ya ziada. Shindano lilianza mwaka 1967, na hadi lile la 2025 hakuna Mkenya aliyelibeba. Rafiki zangu wa Nairobi wananiudhikia ninapolitaja hili. Lakini kila mwaka naona odi za wachezaji wa nyumbani zikishuka kwa sababu watu wanawabetia kwa mapenzi, na bei iliyoshushwa na mapenzi hainunuliki. Washangilie pale ukingoni mwa grini kwa sauti yako yote, halafu hela iache mfukoni.

Sasa bei yenyewe. Chukua mechi ya mpira yenye odi 2.10, 3.30 na 3.60. Gawanya 1 kwa kila odi, unapata asilimia 47.6, 30.3 na 27.8. Jumlisha: 105.7. Kile kilichozidi 100 ni makato ya kampuni. Fanya hivyohivyo kwa orodha ya washindi wa shindano la gofu lenye wachezaji wapatao 150. Mimi nimezoea kuikuta jumla hiyo imepita 130, na 140 hainishtui. Maana yake ni kwamba mchezaji mwenye odi 26.00, ambaye ukimwangalia unaona ana nafasi moja kati ya 26, kwa hesabu ya jumla ya 140 nafasi yake halisi iko karibu na moja kati ya 36. Na makato hayo hayagawanywi sawa. Sehemu kubwa hupakiwa kwa wale wa mkiani. Nilipokuwa mezani, mchezaji ambaye hesabu zilisema ana nafasi moja kati ya 3,000 tulimwandikia 501.00 na hakuna aliyelalamika. Watu huona 501.00, wakaona utajiri.

Angalia hata aliye bora kuliko wote. Mwaka 2024 Scottie Scheffler alicheza mashindano 19 ya PGA Tour, ule msururu mkuu wa gofu ya kulipwa wa Marekani, akashinda 7, na akaongeza medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Paris. Ulikuwa mwaka wa ajabu, wa kusimulia wajukuu. Bado mashindano 12 kati ya 19 hakushinda. Huyo ni Scheffler. Mchezaji wa kawaida uliyemchambua vizuri, ukajiridhisha kwamba ana asilimia 3 ya kushinda kila anapocheza, ukimfuata kwa mashindano 40 mfululizo bado kuna karibu asilimia 30 kwamba hutamwona akishinda hata mara moja. Piga mwenyewe: 0.97 izidishe kwa yenyewe mara 40.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mkali kuhusu ukubwa wa dau. Kwenye gofu ukame ni mrefu hata kwa anayejua anachofanya, na ukame ndio unaomfanya mtu aongeze dau ili kufukuza hasara. Nimemzika kimawazo rafiki mmoja niliyekuwa naye ukedi, aliyeanza na buku mbili za kujifurahisha akaishia kuuza pikipiki iliyokuwa inalisha watoto wake. Kwa hiyo nikisema weka kiasi ambacho kikipotea hutalazimika kujieleza kwa mkeo, mumeo wala mwenye nyumba, sisemi kwa kujaza makala. Na kama hujafikisha miaka 18, mchezo huu si wako kisheria.

Kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote katika biashara hii. Mwaka 1991 Waingereza wawili, Paul Simons na John Carter, walizunguka maduka ya kubashiri, hasa yale madogo ya mitaani, wakiuliza: mtatupa odi gani kwamba kwenye shindano fulani kuna mchezaji yeyote atakayeingiza mpira shimoni kwa mkwaju mmoja? Wenye maduka wengine wakafikiri ni kituko, tukio la nadra, wakawapa hata 100 kwa 1. Wale jamaa walikuwa wamekaa na kumbukumbu za mashindano ya nyuma wakajua ukweli.

Hebu tuhesabu pamoja. Kwa mchezaji wa kulipwa, shimo la pa 3, yaani lile fupi linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu, huingia kwa mkwaju mmoja takribani mara moja kwa kila majaribio 2,500. Shindano lina wachezaji 156, na uwanja una mashimo ya pa 3 manne. Siku mbili za mwanzo ni majaribio 1,248. Baada ya mchujo wanabaki kama 70, wakicheza siku mbili nyingine: majaribio 560. Jumla 1,808. Ukiyapitisha kwenye hesabu ya uwezekano, nafasi ya kuliona tukio hilo angalau mara moja inatoka asilimia 51 hivi. Kitu cha nusu kwa nusu kiliuzwa kama muujiza. Walibeti mashindano matano makubwa ya mwaka ule, yote matano yakatoa mkwaju huo, wakaondoka na takribani pauni 500,000. Baadhi ya maduka yalifungwa bila kulipa.

Hawakujua nani atafanya, wala hawakuhitaji kujua. Walijua bei ni mbovu.

Leo mwanya wa namna ile haupo, kompyuta zimeuziba. Lakini tabia ya binadamu ya kuona kilichong'aa wiki iliyopita bado ipo, na hapo ndipo ninapofanyia kazi. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia ndiye aliyetupa kipimo cha kuona mikwaju mchezaji anaichuma wapi. Wazo lake ni jepesi ukilielewa. Kutoka futi 8, mchezaji wa kulipwa hutumbukiza mpira mara moja kati ya mbili, hivyo wastani wa kumaliza kutoka hapo ni mikwaju 1.5. Akitumbukiza kwa mkwaju mmoja, amechuma nusu mkwaju juu ya wenzake. Akitumia miwili, amepoteza nusu. Fanya hivyo kwa kila mkwaju wa raundi nzima na utajua kama alipanda msimamo kwa kupiga vizuri kuelekea bendera au kwa kutumbukiza kila kitu kwenye grini.

Tofauti hiyo ni hela. Upigaji wa kuelekea bendera hudumu wiki hadi wiki. Utumbukizaji wa kwenye grini unapanda na kushuka kama homa. Nimembebea fimbo mzee mmoja aliyetumbukiza futi 20 mara tatu Jumamosi, Jumapili akakosa futi 3 mara nne, mtu yuleyule na fimbo ileile. Kwa hiyo mchezaji aliyemaliza wa tatu wiki iliyopita kwa moto wa grini, odi yake wiki hii imeshashuka na mimi namkwepa. Aliyemaliza wa 40 huku akipiga vizuri kuelekea bendera na kukosa kila kitu grini, huyo namtafuta.

Nairobi ina jambo lake zaidi. Jiji liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali kuliko pwani. Mchezaji anayetoka moja kwa moja Dubai au Ulaya anapaswa kufundisha upya mikono yake umbali wa kila fimbo. Waafrika Kusini waliokulia viwanja vya Johannesburg hawana shida hiyo, na watu huniambia: basi beti Waafrika Kusini tu. Haydn Porteous alishinda Kenya Open 2015, Justin Harding 2021, Jacques Kruyswijk 2025. Kweli. Lakini katikati hapo wamo pia Lorenzo Gagli na Guido Migliozzi wa Italia, Ashun Wu wa China, Jorge Campillo wa Hispania na Darius van Driel wa Uholanzi. Sababu ya mwinuko ipo, naiamini, ila wapanga odi wanaijua pia na wameshaiweka kwenye bei.

Kwa anayeanza, namshauri aachane na mshindi wa jumla kwanza, aende kwenye beti ya wawili wawili: nani atamaliza mbele ya mwenzake. Odi za 1.87 kwa 1.87 zinajumlika 107, makato madogo mno ukilinganisha na 140, na unalazimika kumjua mchezaji mmoja kwa kumlinganisha na mwingine, siyo na watu 150. Soma tu masharti mambo mawili: inakuwaje wakifungana, na inakuwaje mmoja akijitoa. Kwa kawaida asipopiga hata mpira wa kwanza dau linarudi, lakini akipiga mkwaju mmoja tu kisha mgongo ukamshika, umepoteza.

Na mkinisikia nakataa kubeti shindano likiwa linaendelea, sababu yangu ni Carnoustie 1999, shindano la The Open kwenye uwanja huo wa Scotland. Jean van de Velde alisimama kwenye shimo la 18 akiwa na akiba ya mikwaju 3, na mtu aliyeweka dau juu yake dakika ile alikuwa ananunua faida ya shilingi chache kwa kila elfu. Mfaransa yule akaugonga mpira kwenye jukwaa la watazamaji, akautia kwenye kijito, akavua viatu akaingia majini kuuangalia, akamaliza shimo hilo kwa mikwaju 7, akiba yote ikaisha. Taji likachukuliwa kwenye mashimo ya ziada na Paul Lawrie, ambaye asubuhi ile alianza akiwa nyuma kwa mikwaju 10.