Tuni nzuri haidondoki ikiwa nzima

Kwenye kwaya za Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Nyakato, dhana hii ni ya miaka mingi: mtunzi mwenye kipaji huteremkiwa na tuni nzima, anayefutafuta anajilazimisha. Mfano huwa Mozart, mtunzi wa Austria wa karne ya 18. Lakini ile barua iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1815, inayomfanya aseme kwamba aliusikia muziki wote kichwani kwa mara moja, wataalamu wanaiona ya kughushi. Mozart aliacha rasimu, tena si haba.

Beethoven, mtunzi wa Ujerumani, ndiye shahidi mzuri zaidi, kwa kuwa madaftari yake yamejaa tuni zilizokatwa na kuandikwa upya. Tuni ya furaha katika Simfoni ya Tisa (1824) ilipitia kukatwa na kuandikwa upya vivyo hivyo. Ina mistari minne; iandike miwili ya kwanza kwa sol-fa (d ni do, r ni re, m ni mi, f ni fa, s ni so):

m m f s | s f m r | d d r m | m r r
m m f s | s f m r | d d r m | r d d

Katika mistari hii kila nota inajirudia au inahamia kwa jirani yake. Mstari wa kwanza unaning'inia kwenye re, wa pili unatua kwenye do. Swali, kisha jibu. Mruko mkubwa, hadi so ya chini, umewekwa akiba mpaka mwisho wa mstari wa tatu. Halafu, ujanja ninaoupenda kuliko yote: mstari wa nne unaingia pigo moja kabla ya wakati wake.

Watunzi wetu wengi hurusha sauti ya kwanza (soprano) huku na kule tangu mwanzo, na mruko wa maana ukifika hausikiki.