"Si Atakamua Akirudi Nyumbani?"

Kila unapozungumza na waajiri kuhusu kina mama wanaonyonyesha, haikosi atokee mmoja wa kuuliza hivyo. Ni saa nane tu za kazi, kwa nini mama asisubiri kukamua maziwa hadi afike nyumbani? Wengine hupendekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba kama hali ni ngumu sana basi atumie choo.

Hawezi kusubiri, na sababu iko ndani ya titi lenyewe. Titi si chupa ambayo ikishajaa inakaa ikingoja. Maziwa hutengenezwa mfululizo, na kasi yake hutegemea kiasi kilichobaki ndani: titi likitolewa maziwa, hutengeneza upesi, likiachwa limejaa, seli zake hupunguza kazi. Siku ya kwanza mama ataona maumivu na blauzi iliyolowa. Akiendelea hivyo siku baada ya siku, maziwa yanapungua kweli, na watu wanaanza kusema "maziwa yake yamekauka" kana kwamba ni maumbile yake. Siyo maumbile, ni ratiba ya kazi. Wengine hupata uvimbe wa titi: sehemu moja inakuwa ngumu na ya moto, inauma ikiguswa, kisha homa na kutetemeka. Ukipuuzwa unaweza kuwa jipu la kupasuliwa. Mwajiri aliyenyima nusu saa ataishia kutoa ruhusa ya ugonjwa ya siku kadhaa.

Tupige hesabu. Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na sita anayenyonya maziwa ya mama pekee hutumia wastani wa mililita 750 kwa siku. Mama asipokuwepo kwa saa kumi, safari ikiwemo, mtoto atahitaji kama mililita 300. Kiasi hicho hakipatikani kwa kukamua mara moja jioni. Inabidi akamue kila baada ya saa tatu hivi, yaani mara mbili au tatu katika zamu, dakika 20 hadi 30 kila mara.

Dakika hizo zinaenda wapi? Ananawa mikono kwa sabuni, anakanda titi taratibu. Anaweka kidole gumba juu na cha shahada chini, kama sentimita 3 kutoka kwenye chuchu, anasukuma kuelekea kifuani, anabana, anaachia, anarudia. Vidole havisuguliwi juu ya ngozi, na chuchu haivutwi. Mwanzoni huenda lisitoke hata tone. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Maziwa yakipungua kasi, baada ya dakika tatu hadi tano, anahamia titi la pili, kisha anarudi la kwanza, akizungusha vidole ili pande zote zifikiwe.

Kinachosukuma maziwa yatoke ni homoni ya oksitosini, na homoni hiyo huzuiwa na wasiwasi. Mtu akigonga mlango, maziwa yanaweza kusimama papo hapo. Kwa hiyo kitasa kinachofungwa kwa ndani ni kifaa cha kazi kama kilivyo kiti. Chumba kinachofaa hakihitaji fahari: kiti chenye mgongo, meza ndogo, soketi kwa anayetumia pampu, bomba karibu, na friji au kasha la barafu. Choo hakifai. Hakuna anayeandaa chakula cha mtu mzima chooni, na cha mtoto kisiandaliwe huko.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na siku 4 kwenye friji. Mahali pa joto kali, yaingie kwenye barafu mara moja. Yakijitenga na mafuta kuelea juu hayajaharibika; zungusha chombo polepole yatachanganyika. Usiyapashe kwenye maikrowevu, maana hupata moto sehemu moja na kumchoma mtoto mdomo. Yaweke kwa mafungu ya mililita 60 hadi 120, kwa kuwa kinachobaki baada ya mtoto kuanza kunywa humwagwa saa mbili zikipita.

"Basi ameshapewa likizo ya uzazi, anataka nini tena?" Mkataba Namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka kiwango cha chini cha wiki 14. Ushauri wa kiafya ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, yaani wiki 26. Kuna pengo la wiki 12, hata kama likizo yote imechukuliwa baada ya kujifungua. Pengo hilo huzibwa na mapumziko ya kunyonyesha, ambayo mkataba huohuo unataka yahesabiwe kama muda wa kazi na yalipwe. Wala si wazo la juzi: mkataba wa mwaka 1919 tayari ulitoa nusu saa mara mbili kwa siku.

"Likizo ya uzazi inamfilisi mwajiri." Inaweza kumlemea pale sheria inapomtwika gharama yote peke yake, na hapo ndipo wasichana huanza kuulizwa kwenye usaili kama wana mpango wa kuolewa. Kosa ni la muundo. Mkataba wa 183 unataka malipo, yasiyopungua theluthi mbili ya kipato, yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma.

"Maziwa yaliyokaa ndani ya titi mchana kutwa yamechacha." Hapana. Ndani ya titi hayaharibiki. Mnyonyeshe ukifika.

"Ninanyonyesha, siwezi kushika mimba." Hii huwaponza wengi wanaorudi kazini. Kinga ya mimba inayotokana na kunyonyesha hutegemea mambo matatu kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya kikamilifu mchana na usiku, bila kupita zaidi ya muda wa saa 4 kati ya kunyonya na kunyonya wakati wa mchana, wala saa 6 wakati wa usiku. Kazi huvunja sharti la tatu siku ya kwanza tu, na kukamua hakulindi sawasawa na kunyonyesha. Chagua njia nyingine ya uzazi wa mpango kabla likizo haijaisha, na umwambie mhudumu kwamba unanyonyesha, kwa sababu vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kupunguza maziwa.