Mama Aliyefunguliwa Tumbo Anacheleweshwa na Nini?

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu kutoka Mbagala, wa tatu kwenye orodha yangu ya siku hiyo, aliyekuja kutolewa kizazi kwa sababu ya mayoma, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani. Alikula wali kidogo saa kumi na mbili jioni, akaambiwa asitie tena kitu kinywani, na nilipomkuta nje ya chumba cha upasuaji saa nane mchana wa siku ya pili alikuwa ametimiza saa 20 bila hata funda la maji. Midomo ilikuwa imempauka. Aliniuliza kwa adabu, “Daktari, hata maji ya kusukutua?” Hospitali ile sitaitaja, kwani kosa lilikuwa pia langu: orodha niliiandika mimi, na agizo la kufunga kuanzia jioni nililisaini mimi bila kufikiri, kama nilivyowaona wakubwa zangu wakifanya.

Agizo hilo lina asili yake. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza jinsi akina mama waliopewa nusukaputi wakati wa kujifungua walivyovuta matapishi yao mapafuni, na tangu hapo tumbo tupu likawa sharti. Sharti lenyewe ni sahihi. Kilichopotea ni kipimo. Mgonjwa asiye na tatizo la tumbo kuchelewa kujisafisha anaweza kula chakula chepesi hadi saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, na kunywa maji, chai ya rangi isiyo na maziwa au juisi iliyochujwa hadi saa 2 kabla. Maji hayakai tumboni muda mrefu. Wala njaa ya saa 20 haimlindi mgonjwa kuliko ya saa 6, ila inamdhoofisha, kwa sababu kisu chenyewe huufanya mwili umwage homoni za mshtuko, insulini ikashindwa kufanya kazi yake sawasawa, sukari ikapanda kwenye damu huku misuli ikivunjwavunjwa kutafuta nguvu. Anayeingia akiwa na njaa huikuta hali hiyo mbaya zaidi, na ndiye utakayemwona kesho yake akishindwa kusimama.

Aliyetufumbua macho ni daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, ambaye katika miaka ya 1990 aliuliza swali jepesi: kwa nini mgonjwa ambaye upasuaji wake umekwenda vizuri bado yuko hospitalini? Majibu aliyoyapata ni maumivu, kichefuchefu, utumbo uliolala, mipira aliyowekewa mwilini na kulala kitandani, na karibu yote hayo yanaweza kupunguzwa. Alianza na upasuaji wa utumbo mpana, kisha fani nyingine zikafuata. Chama cha kimataifa cha ERAS (kifupi cha Kiingereza chenye maana ya kupona haraka zaidi baada ya upasuaji), kilichoanzishwa Uswidi mwaka 2010, kilitoa mwongozo wa upasuaji wa saratani za viungo vya uzazi mwaka 2016 na kuuhuisha mwaka 2019. Nimeusoma mara nyingi, na ninachoweza kusema ni kwamba sehemu kubwa ya yaliyomo haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji watu wakubaliane.

Kwa Dar es Salaam, hata hivyo, mimi huanza mapema, kabla ya siku ya upasuaji, kwa sababu tatizo letu kubwa ni upungufu wa damu. Mwanamke mwenye mayoma amekuwa akivuja kila mwezi kwa miaka, amezoea kubadilisha pedi kila baada ya saa moja, na anafika kliniki akipanda ngazi kwa kupumzika, damu yake ikisoma gramu 7 tu, yaani pungufu sana. Tukimpasua hivyo tutamwongezea chupa za damu, atapata maambukizi kwa urahisi zaidi, na hatakuwa na nguvu ya kutembea siku ya kwanza. Ikiwa si dharura, ni heri kumwanzishia madini ya chuma na dawa ya kupunguza hedhi, akasubiri wiki kadhaa. Hapo huwa ninamuuliza vidonge anavimeza na nini. Mara nyingi jibu ni chai ya asubuhi, na chai huzuia chuma kisifyonzwe. Maji ya ndimu au chungwa husaidia. Maelezo hayo ya dakika 2 yamewahi kuniokolea chupa za damu ambazo benki isingekuwa nazo.

Ndani ya chumba cha upasuaji kuna jambo ambalo mgeni angelishangaa. Nje jua la Dar linachoma, ndani mgonjwa anatetemeka meno yakigongana, kwa kuwa kiyoyozi kimewekwa kwa ajili yetu tuliovaa magauni mawili mawili. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 36, damu huganda kwa shida na kidonda hushambuliwa kwa urahisi. Blanketi, dripu iliyopashwa moto na kiyoyozi kilichopunguzwa vinatosha kwa sehemu kubwa. Antibayotiki itolewe ndani ya dakika 60 kabla ya kukata, na dripu zihesabiwe: maji yakizidi, utumbo nao huvimba na kuchelewa kuamka.

Kuhusu maumivu, ninaamini tumemkawiza mama kwa kusubiri alie ndipo adungwe sindano. Parasetamo kwa saa maalumu, pamoja na diklofenaki au ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo wala tatizo la figo, na ganzi iliyochomwa pembeni mwa kidonda kabla ya kushona, hupunguza haja ya mofini, dawa kali ya maumivu. Mofini ina mahali pake, lakini ikizidi huleta kichefuchefu, usingizi na utumbo mzito, na mgonjwa wa namna hiyo hainuki.

Kila mwanamke aliyepasuliwa mjini hapa analijua swali la sista wa zamu: “Mama, umeshatoa hewa?” Zamani jibu likiwa hapana, hata uji hapati. Sasa ninamruhusu kunywa jioni ile ile na kula chakula laini ndani ya saa 24, akiwa hatapiki na tumbo halijajaa, maana chakula chenyewe huuamsha utumbo. Kutafuna bigijii nako husaidia, jambo ambalo shangazi mmoja aliyekuwa akimuuguza mpwa wake alilichukulia kuwa dhihaka mpaka sista alipomweleza kwamba kutafuna huudanganya utumbo ukadhani chakula kinakuja. Mpira wa mkojo huondolewa ndani ya saa 24, na hiyo ni hila nzuri pia: asiye na mpira hana budi kwenda chooni kwa miguu yake, na miguu inayotembea haigandishi damu kirahisi. Mgonjwa wa saratani huongezewa sindano za kuzuia damu kuganda, hata kwa siku 28.

Ndugu ndio wagumu zaidi, na hilo nalisema kwa heshima, kwa sababu wanampenda. Wanamkataza asinyanyuke “nyuzi zisikatike”, wakati tumeshona kwa kutegemea atasimama. Kanga ya kufunga tumbo sina ugomvi nayo, mradi isimbane pumzi. Kidonda kukandwa kwa maji ya moto ninakukataa kabisa.

Kuruhusiwa mapema ni hesabu nyingine. Anayekula, anayekojoa, anayetembea na ambaye vidonge vinamtosha kwa maumivu amefuzu kwa vipimo vyangu, lakini bado humuuliza anakaa na nani, na akipata homa, akianza kuvuja damu au mguu mmoja ukivimba usiku, atafikaje hospitali. Mama aliyenijibu kwamba anaishi peke yake Kigamboni na simu yake haina salio, nilimbakiza wodini usiku mmoja zaidi.