Kuziba kiungio cha kebo ya antena: maana yake nini?

Fundi akikuambia kiungio cha antena kimezibwa, hamaanishi kwamba kimekazwa kwa koleo. Anamaanisha kwamba kule juu ya mlingoti, plagi ya kebo inapoingia kwenye antena, maji hayana pa kupenya.

Kebo ya redio ina waya wa shaba katikati, plastiki nyeupe inayouzunguka, kisha wavu wa nyuzi za shaba, halafu ganda jeusi. Wavu ndio wenye matata. Hunyonya maji kama utambi wa koroboi, yakashuka mita kadhaa ndani ya ganda, na shaba ikafanya kutu ya kijani. Ikifika hapo, kukata ncha na kufunga plagi mpya hakusaidii kitu. Kebo ni ya kutupa. Pwani, kwenye upepo wenye chumvi, mambo huenda mbio zaidi. Plagi ya PL-259, wanayoitumia wengi, haina mpira wa kuzuia maji. Ile ya aina ya N inao, ila mimi huizungushia tepu vilevile.

Kinachoudhi ni kwamba kipimo hudanganya. Kebo iliyolowa humeza nguvu inayopanda, ikameza na ile inayorudishwa na antena. Mita ya SWR, yaani ya kulinganisha nguvu inayopanda na inayorudi, iliyo chini karibu na redio huona kidogo tu kikirudi, basi jana ilisoma 1.8, leo 1.3, na namba ikiwa ndogo huhesabiwa nzuri. Mwenyewe anachekelea kuwa antena imepona, na huku anaowaita hawamsikii.

Kinga yenyewe ni tepu ya mpira isiyo na gundi, inayojishika yenyewe. Ivute mpaka upana upungue, kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia. Baada ya muda zote huwa kipande kimoja. Jua huila, kwa hiyo juu yake zungusha tepu nyeusi ya umeme, ukianzia chini kupanda, kama anavyoezeka mwezeka makuti: la juu hulalia la chini, mvua ikateleza. Mzunguko wa mwisho usiuvute, kata kwa kisu, la sivyo ncha itabanduka. Silikoni inayonuka siki kaa nayo mbali, hiyo hutoa asidi inayokula shaba.

Kabla kebo haijaingia ndani, iache ining'inie kitanzi, tumbo lake liwe chini ya tundu la ukutani, maji yadondokee hapo.