Homa Safarini: Maswali ya Wanaosafiri Peke Yao na Begi Mgongoni

Nafanya kazi kwenye kituo cha afya mkoani Kigoma, kando ya ziwa Tanganyika. Kila likizo tunapokea vijana wanaopita kwenda hifadhi za Gombe na Mahale, mtu peke yake na begi lake. Wakiugua malaria, wengi hutufikia wamechelewa.

Begi langu ni dogo. Nibebe nini?

Chandarua chenye dawa, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, nguo ya mikono mirefu ya jioni, kipimajoto, parasetamoli, pakiti chache za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji unapoharisha. Dawa zako za kila siku, za presha au pumu, ziache kwenye pakiti zake. Ukipaka mafuta ya kukinga jua, yatangulie, ya mbu yafuate.

Mgonjwa mmoja alifungua begi mbele yangu akitafuta kadi ya bima. Zikatoka pawabenki mbili, kofia tatu na stendi ya simu. Chandarua? "Si gesti wanavyo?" Wanavyo. Nimeviona, na ngumi inapita kwenye matundu.

Malaria ni nini hasa?

Ugonjwa wa vimelea vinavyoletwa na mbu jike aina ya Anofelesi, anayeuma zaidi usiku. Basi.

Mimi nimezaliwa Kasulu, hapa hapa Kigoma. Bado nahitaji kujikinga?

Sasa unaishi wapi? Kama ni Njombe au Ulaya kwa miaka kadhaa, ile kinga uliyokua nayo imeshapungua. Mbu haulizi kwenu ni wapi. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari akuchagulie dawa. Doksisaiklini, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla na huendelea kila siku mpaka wiki 4 baada ya kuondoka huku. Watu huiacha siku wanayopanda treni ya kurudi. Na si dawa ya mjamzito.

Homa ikinishika, nisubiri siku ngapi?

Hata moja usisubiri. Kapime siku hiyo hiyo.

Lakini nimetoka Dar kwa treni, sijalala vizuri. Si uchovu tu?

Kapime. Uchovu haupandishi kipimajoto mpaka 39. Ni tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Umekaa kwenye treni usiku kucha, dakika 20 zinakushinda?

Nyumbani ukianza kuweweseka, mama atakusikia. Gesti umefunga mlango kwa ndani, na mhudumu anadhani umelala. Malaria ikipanda kichwani, mgonjwa mwenyewe hajui tena kwamba anaumwa. Kwa hiyo ukihisi baridi na mwili kuuma, mwambie mhudumu kabla hujalala: "Dada, sijisikii vizuri, saa moja asubuhi nigongee." Na kama uko Gombe, kumbuka hakuna barabara, kuna boti. Omba usafiri mapema, ungali na nguvu za kutembea.

Kutapika kila kitu, macho ya njano, mkojo mweusi, kuchanganyikiwa, degedege: hapo usisubiri kuche.

Panadol imeshusha homa. Bado nipime?

Ndiyo. Imeshusha homa, vimelea vipo palepale. Kapime.

Na mseto, vidonge vya malaria, uliobaki nyumbani?

Umebaki kwa nini? Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara sita, kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta. Mwenye kofia tatu alikuwa na 16 mkononi. Alikunywa mara mbili, akapata nafuu, akauhifadhi "kwa safari nyingine". Kama unakwenda mbali kiasi kwamba huwezi kufika kituoni ndani ya saa 24, daktari anaweza kukupa dozi kamili ya dharura. Ukiinywa, imalize, na safari ya kuja kituoni ianze siku hiyo.

Kipimo kimeonyesha sina malaria, homa haiishi.

Rudi kesho yake tupime tena na tutafute sababu nyingine. Usinunue sindano dukani.

Nimesharudi nyumbani, wiki ya tatu homa imeanza.

Malaria inaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu. Nenda leo, na kabla hujaketi vizuri mwambie daktari: "Nilikuwa Kigoma." Usiposema, huko kwenye baridi anaweza kuanza na mafua.