"Ni ya ukoo", "ana uvimbe": tulivyouelewa vibaya ugonjwa wa Parkinson

Baba mkubwa ana duka la vipuri vya baiskeli Magomeni, na daftari la madeni ndilo lililoanza kumsema. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa mtu anayejijua kwamba anaandika vizuri. Mwezi baada ya mwezi ukawa unasinyaa, mpaka majina ya wadaiwa yakabaki kama mstari wa sisimizi. Mkono ulikuwa bado haujatetemeka. Ulipoanza, miaka miwili ilishapita, na kijiwe kizima cha kahawa kilikuwa na majibu.

Mepesi niyamalize haraka. Ati Parkinson ni uzee tu: umri unachangia kweli, lakini wazee wengi hawaupati, na Muhammad Ali aliambiwa anao mwaka 1984 akiwa na miaka 42. Ati lazima mtu atetemeke: wapo wasiotetemeka kabisa, wanakuwa wazito tu na viungo vinakakamaa. Ati karogwa: ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayolainisha mwendo wa mwili, na seli hizo zinakufa polepole. Mchawi hayumo. Yanayonikera ni mengine mawili, maana yalitoka hospitalini yakiwa mazima, yakaharibikia kwenye daladala.

La kwanza: "Daktari kasema ni ya ukoo." Hakusema. Aliuliza kama kuna ndugu mwingine mwenye hali hiyo, swali la kawaida kabisa. Shangazi alitoka na swali, akafika nalo Magomeni likiwa hukumu. Siku hizo dada yetu, binti wa baba mkubwa, alikuwa ameposwa. Haikupita wiki, mshenga akarudi kuulizia "afya za hapa nyumbani", kwa adabu zote, huku akizungusha kikombe cha chai bila kukinywa.

Katika kila wagonjwa 100, wenye ndugu wa karibu aliyewahi kuugua ni kama 10 hadi 15. Ambao ugonjwa wao unatokana na hitilafu ya jeni moja, yaani agizo moja la kurithi lililomo ndani ya seli, ni wachache zaidi. Hata hao, kurithi si kuugua: jeni ya LRRK2 ilitambuliwa mwaka 2004 kuwa inahusika, na wengi waliorithi hitilafu yake wanazeeka bila kuupata. Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano mkubwa kuliko jirani yake, mara mbili au tatu hivi, ila kidogo ukikizidisha mara tatu bado ni kidogo. Sioni hapo sababu ya kuvunja posa.

Wapo wanaoruka upande wa pili: "Kwetu hakuna aliyeugua, basi jeni hazihusiki," na wengine wanaongeza kuwa ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa watu wenye asili ya Afrika, wakiwemo Wanaijeria wengi, ukaonyesha tofauti ndogo kwenye jeni ya GBA1 inayoongeza uwezekano wa kuugua. Kwa Wazungu tofauti hiyo karibu haipo. Jeni hiyo inatengeneza kimeng'enya kinachosaidia seli kuondoa taka zake. Mkazi wa Dar hahitaji kuelezwa mtaa unakuwaje gari la taka lisipopita wiki mbili. Na madaktari waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, waliwakuta wagonjwa ambao wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Nikikumbuka marehemu babu alivyokuwa akiburuta miguu, hilo "kwetu hakuna" silitamki tena.

La pili: "Ana uvimbe kwenye ubongo." Hapa nailaumu lugha kidogo. Uvimbe kwetu ni jipu, ni saratani, ni kifundo cha mguu kilichoteguka, na pia ni kile madaktari wanachokiita inflamesheni, yaani kinga ya mwili ikiwa vitani. Daktari alieleza hicho cha mwisho. Sisi tukasikia saratani. Mama mkubwa hakula siku mbili, akingoja kutajiwa tarehe ya upasuaji.

Hakuna bonge la kukata. Ubongo una seli za ulinzi na usafi, zinaitwa maikroglia. Zikikutana na protini ya alfa-sinukleini iliyojikunja vibaya na kugandana, zinaamka na kumwaga kemikali za kupambana. Zisipotulia, zinaumiza na seli nzima zilizo jirani. Mwaka 1988 Patrick McGeer na wenzake huko Kanada walizionyesha zikiwa zimeamka kwenye bongo za wagonjwa waliofariki. Kisa kinachonitisha zaidi ni cha California, mwaka 1982: vijana walijidunga dawa ya kulevya iliyopikwa kienyeji ikiwa na sumu ya MPTP, na ndani ya siku chache wakakakamaa kama wagonjwa wa Parkinson. Watatu kati ya waliopata sumu hiyo walipokuja kufariki na kuchunguzwa, miaka imepita, maikroglia zilikuwa bado macho.

"Si ameze diklofenaki basi, uvimbe ushuke?" Hilo lilitoka kijiweni. Zipo tafiti zilizoona watumiaji wa ibuprofeni, ndugu wa diklofenaki, wakiugua Parkinson kidogo kuliko wengine, lakini hakuna aliyethibitisha kuwa inatibu, na mzee mwenye presha akiimeza kila siku anatafuta vidonda vya tumbo na figo mbovu. Tangawizi na manjano vibaki kwenye mchuzi. Upupu ni habari nyingine: mbegu zake zina levodopa kweli, dawa ambayo ubongo huigeuza dopamini, ileile ya kwenye vidonge vya Parkinson, ila kiasi chake hakitabiriki, kwa hiyo kuichanganya na dawa bila daktari kujua ni kucheza. Dawa ya kuiogopa ni ya kuzuia kutapika, metoklopramidi: inaziba njia za dopamini, na inaweza kumkakamaza mgonjwa zaidi.

Na wanaouliza kama ni jeni au ni inflamesheni wanatenganisha vitu vinavyoshirikiana. LRRK2 hiyohiyo inafanya kazi ndani ya seli za kinga, na baadhi ya tofauti zake zinahusishwa na ugonjwa wa Crohn, ambao ni inflamesheni ya utumbo. Ongeza umri, na kwa wengine viuatilifu vya shambani.

Mshenga nilimweleza haya barazani, mengi kwa mfano wa gari la taka. Safari hii chai aliinywa. Ndoa ilipangwa saa nne asubuhi. Baba mkubwa alimeza levodopa saa tatu, kabla ya chapati na maharage, kwa sababu protini huichelewesha. Shehe alipomsogezea cheti, aliandika jina lake taratibu, herufi kubwa kubwa kama alivyofundishwa kwenye mazoezi, likavuka kisanduku na kuingia kwenye mstari wa shahidi.